Nani Apewe Mkaja wa Zamoyoni

Hapo zamani, na msidhani zamani ya majini na majitu, ni zamani ya juzi tu, nyumbani kwa mwanangu Kiondo, kule Muheza, ulizaliwa ugomvi. Mpaka leo haujafa. Mimi ndiye ninayeulea. Kila nikiuona unasinzia, nauamsha. Basi leo nauleta kwenu. Sogeeni. Wewe unayesuka ukili, suka, lakini masikio nipe mimi.

Kiondo ana binti mmoja, Zamoyoni. Mama yake alimwacha mchanga, hata arobaini haijatimia, akaenda zake kwa Mola. Mtoto kalelewa mkono kwa mkono, leo kwa shangazi, kesho kwangu, keshokutwa kwa jirani. Kakua, kapendeza, kaposwa. Bwana mwenyewe anaitwa Shekue, kijana mpole, wa mtaa wa pili tu.

Sasa mnajua mila yetu. Bwana analeta mkaja. Mkaja ni haki ya mama, ya yule aliyejifunga mshipi tumboni siku ya uchungu. Na biharusi hatoki nje mpaka mkaja upate mwenyewe. Mama hayupo. Tukasema, ah, tutaona hiyo siku. Basi tukaacha hivyo.

Mwali akawekwa ndani. Somo wake akawa Bi Hadia. Mwamjua Bi Hadia? Kawafunda wali thelathini na kitu, hakuna hata mmoja aliyerudishwa kwao. Ukali wake usiseme! Akamwambia Zamoyoni, "Humu ndani jua hulioni. Wageni husemi nao. Na mkono hukatai. Mkubwa akikuletea kitu mdomoni, fumbua kinywa, meza."

Ndiyo mila. Kila mwanamke anayekuja kumtazama mwali anamlisha kidogo. Huyu tende, huyu haluwa, huyu kashata. Mwali anafumbua kinywa, anameza. Kimya.

Alhamisi asubuhi, harusi Jumamosi, jino likaanza.

Jamani, jino! Shavu limevimba kama kaficha embe. Machozi yanamtoka, haongei, anashika godoro tu. Chakula hakipiti. Bi Hadia akafunga mlango, akatuita wanawake wa nyumba. "Nyie! Neno hili lisitoke. Wakisikia upande wa bwana kwamba mwali mgonjwa, watasema tunawauzia mbuzi kibogoyo."

Mimi nikasema, "Si tumpeleke akang'olewe?"

"Mwali atoke? Siku mbili kabla? Bibi, na wewe umezeeka vibaya."

Nikanyamaza. Kosa langu la kwanza hilo, liandikeni.

Duka la dawa la karibu ni moja. Na muuzaji ni nani? Ni binti aitwaye Sikudhani! Dada yake Shekue, wifi mtu mwenyewe, yuko pale na koti lake jeupe. Basi kila aendaye anadanganya. Shangazi mtu, Mwanjaa, akaenda asubuhi. "Nipe dawa ya maumivu, mgongo wangu leo haunyooki." Akapewa karatasi ya vidonge kumi, na Sikudhani akamwambia, "Viwili kwa mara moja, shangazi. Ukimeza, hesabu masaa sita ndiyo umeze tena. Na siku nzima visizidi vinane." Mwanjaa akasema ndiyo, ndiyo, mkono uko kwenye dawa, roho iko nyumbani.

Jioni nikaenda mimi. Nimeona mwali macho yanachuruzika, nikajua kuna na mafua humo. Nikasema, "Mjukuu wangu, nina mafua." Akanipa vya mafua, vinne, karatasi ya njano. Akanieleza, "Bibi, hivi visichanganywe na vya maumivu." Nikasema sawa mama. Nani alikuwa anasikiliza? Mimi nilikuwa nachungulia asije akauliza habari za mwali.

Basi nyumbani ikawa hivi. Mwanjaa akaingia na viwili vyake. Mwali akafumbua kinywa, akameza. Bi Hadia akaingia na vyake. Mwali akafumbua kinywa, akameza. Nikaingia mimi na vyangu vya mafua, na kikombe cha maji ya uvuguvugu, nampenda mjukuu wangu. Akafumbua kinywa, akameza. Mmoja akitoka mwingine anaingia, na anayeingia hamwulizi anayetoka.

Ijumaa asubuhi, alhamdulillahi, jino kimya! Mwali anacheka mpaka vishimo vya mashavu vinaonekana. Bi Hadia kajaa kifua. "Nimewaambia nini?" Kisha akaniita pembeni. "Bibi, nenda kaongeze nyingine. Jioni ya leo na kesho pia. Lisije likaamka mbele ya bwana."

Mimi kusoma sijui. A ni kitu gani sikijui. Nitajuaje dawa gani na gani? Nikaona akili ni moja, nichukue makaratasi yenyewe nikaonyeshe. Nikayaokota chini ya kitanda, lile la Mwanjaa limebaki vinne, langu la njano halina kitu, nikafunga kwenye pindo la kanga, huyo! Dukani nikafungua pindo, nikayamwaga mezani kwa wifi mtu.

"Nipe kama hivi."

Sikudhani akayatazama. Akanitazama. "Bibi, hivi vyote vimeliwa na nani?"

"Na mimi."

"Vya maumivu nilimpa shangazi Mwanjaa. Vya mgongo wake."

"Ah, tuligawana."

"Bibi," akasema, taratibu, na kalamu kaiweka chini, "usinifiche. Haya majina mawili, rangi mbili, lakini dawa ya ndani ni moja. Ile ile. Anayemeza hivi na hivi anameza mara mbili. Ni nani?"

Jamani, yule mtoto ana macho! Ulimi ukaniponyoka. "Zamoyoni. Jino."

Sikudhani akainuka. Wateja wamejipanga, mmoja ana mtoto mgongoni, mmoja anataka bandeji. Akamwita mwenzake wa duka la kando amshikie, akavua koti, akatoka mbio. Mbio hasa! Wifi mtu, siku moja kabla ya harusi, anakimbilia nyumbani kwa mwali! Mnajua ni mwiko? Wifi akikanyaga kizingiti cha mwali kabla ya siku, wanasema katia mkosi. Mimi nyuma na miguu yangu hii, natweta, "Sikudhani! Mwanangu! Utatuua!"

Akafika mlangoni. Bi Hadia kasimama katikati, mikono huku na huku kama pazia.

"Hupiti."

"Shikamoo Somo. Mwali kameza vidonge vingapi tangu jana?"

"Mwali gani? Mwali wangu mzima. Msikilize!" Na kweli ndani Zamoyoni anacheka na Mwanjaa.

"Najua anacheka. Dawa hii ikizidi haipigi kelele, Somo. Leo anacheka, kesho anacheka, keshokutwa ini linakufa. Nimehesabu kwa makaratasi ya Bibi. Ni kumi."

"Kumi! Kwa siku moja na kitu! Si ulimwambia Mwanjaa mwenyewe vinane kwa siku? Umekimbia mtaa mzima, umetia mkosi nyumba ya watu, kwa vidonge viwili?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Wifi ana wivu, anataka kaka yake abaki kwao." Mwingine, "Mpeni maziwa mwali, maziwa yanaosha sumu." Sikudhani akasema, "Maziwa hayaoshi kitu." Lakini sauti imepungua. Akarudi nyuma hatua moja. Naapa, nilimwona anarudi. Angeondoka pale, hadithi yangu ingekuwa nyingine, na ningekuwa naisimulia matangani.

Hapo, uani, kwenye mafiga, mtu akaita. "Ngojeni!"

Ni mpishi. Bi Saumu. Mwamjua Bi Saumu? Hakuna shughuli Muheza bila Bi Saumu. Nyama yake haitaki meno! Ng'ombe awe mzee kuliko mimi, kwa Bi Saumu anayeyuka. Wapishi wengine wamemwomba siri mpaka wamechoka. Alikuja Alhamisi mchana na kikapu chake cha upawa na visu, na asubuhi yote ya Ijumaa tulimwona anapekua. Anainua sufuria, anapekua. Anakung'uta gunia, anapekua. Ukimwuliza, "Umepoteza nini?" anasema, "Hakuna."

Sasa kasimama na upawa mkononi, jasho linamtiririka.

"Mimi nilikuja na karatasi mbili za vidonge. Ishirini. Vilikuwa kikapuni. Havipo."

"Vya nini?" Mwanjaa akauliza. "Unaumwa?"

Bi Saumu akaangalia chini. Akasema, "Vya nyama."

"Vya nini?"

"Vya nyama, nimesema! Vya kulainishia nyama! Navitia chunguni, nyama inaiva upesi. Miaka kumi na miwili navitia. Haya, nimesema, nichinjeni!"

Loo! Uani kukawa kama soko limeungua. "Umetulisha dawa!" "Maulidi ya mwaka juzi!" "Arobaini ya mume wangu!" Binti Mussa, jirani yetu, yule mkongwe mwenye bakora, akasema, "Kumbe! Ndiyo maana kila nikitoka harusini mgongo hauniumi!" Watu wakataka kucheka, wakataka kulia, hawajui washike lipi.

Sikudhani hakucheka. Dawa si kiungo, alisema, lakini hilo baadaye. Kamgeukia Bi Hadia. "Somo. Ishirini viko wapi?"

Bi Hadia akashusha mikono yake mlangoni. Yule mwanamke! Aliyefunda wali thelathini! Akaingia ndani, akainua godoro la mwali, akatoka na makaratasi mawili matupu. Akayatupa miguuni pa Sikudhani.

"Niliviona kikapuni wakati natafuta karafuu ya jino. Nikasema Mungu kaleta. Kila alipougua nikampa. Sikuhesabu. Nilikuwa namnyamazisha."

"Ishirini na kumi," Sikudhani akasema. "Thelathini. Na dawa ni ile ile, na kwa jino hilo hajala tangu jana. Sasa hivi, hospitali!"

"Mtapisheni kwanza!" mtu akapiga kelele.

"Msimtapishe! Msimpe kitu! Chukueni makaratasi yote, daktari ayaone. Gari iko wapi?"

Gari! Jamani, gari! Kiondo kaenda kununua mchele, gari hakuna. Na mlangoni, sikieni Mungu alivyo fundi, tarumbeta zinalia! Upande wa bwana wanaleta begi la biharusi. Pikapu imejaa wapiga tarumbeta, mashavu yamevimba kuliko ya Zamoyoni, wanawake nyuma wanavunja viuno barabarani. Na huku ndani mwali hajavikwa kitu, nywele hazijasukwa, uso una liwa ya njano.

Tukamtazama Bi Hadia. Kwa sababu mwali ni wake. Kiondo mwenyewe, baba mzazi, asingeweza kumtoa mwali ndani bila neno la somo. Akisema hapana, ni hapana, tutabaki tunabishana mpaka magharibi. Na akisema ndiyo, kamaliza kazi yake duniani. Somo aliyemtoa mwali juani, mbele ya watu wa bwana, siku moja kabla? Nani atampa binti yake tena?

Bi Hadia akachutama. "Zamoyoni, panda mgongoni."

"Somo, naweza kutembea, sisikii kitu mimi."

"Mwali hakanyagi chini. Panda!"

Akatoka naye mgongoni kweupe! Liwa usoni, kanga inaburuta, katikati ya watu wa bwana. Ngoma ikakatika. Mama yake Shekue akashika kichwa. "Huyo si mwali? Mwali huyo?" Bi Hadia hakumjibu, akampakia juu ya pikapu katikati ya matarumbeta, akapanda, Sikudhani akapanda, mimi nikasukumwa kama gunia la nazi. Bi Saumu naye kapanda na upawa wake, hata hajui kaubeba.

Dereva akaondoa. Na wale vijana wa tarumbeta, wamezoea, gari ikienda wao wanapuliza! Wakapuliza! Njia nzima watu wanatoka nje, vigelegele, "Harusi imewahi! Harusi imewahi!" wanamtupia mwali mchele na maua, na mwali kakaa kimya katikati, na Bi Hadia analia kwa sauti, watu wanasema, "Oneni somo anavyolia kwa furaha."

Hospitali wakampokea. Wakamtoa damu, wakapima. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akayapanga yale makaratasi mezani moja moja, akahesabu, akauliza saa. Akamtundikia dripu ya dawa ya kuizima ile nyingine. Akatuambia, "Mngengoja aumwe, mngeniletea mtoto mwenye macho ya njano, na mimi ningekuwa sina la kufanya. Kapona kwa sababu mmekuja bado anacheka." Kisha akauliza, "Na hili jino, kwa nini halikuletwa siku ya kwanza?" Kila mtu akatazama ukuta.

Siku tatu kalazwa. Jino likang'olewa. Harusi ikasogezwa Jumamosi ya pili, na nyama siku hiyo, wallahi, ilikuwa ngumu, watu wanatafuna wanasifu.

Haya. Ugomvi wenyewe sasa ndio unaingia.

Jumamosi hiyo bwana kaja. Mkaja umeletwa, doti ya kanga ya kisutu, mpya, inanukia udi. Kiondo akauinua mikononi. Akasema, "Mama wa Zamoyoni hayupo. Lakini wiki iliyopita mwanangu kazaliwa mara ya pili. Aliyemzaa mara hiyo ndiye mwenye mkaja. Ajitokeze."

Msinitazame mimi. Bibi ana haki yake nyingine, na mimi nilimlisha vinne vya mafua, nikakaa zangu kimya.

Sikudhani akasimama. "Ni wangu. Nani alijua? Mngekuwa mpaka leo mnamlisha. Niliacha duka, nikavunja mwiko, nikatukanwa mlangoni."

Bi Saumu akaruka. "Ulijua kumi! Na kwa kumi ulikuwa unaondoka, nilikuona! Vile ishirini nani kavitaja? Mimi. Jina langu nimelimwaga uani kama maji ya kuoshea samaki. Tangu siku ile sijaitwa hata kupika uji. Mkaja wangu huo."

Bi Hadia akacheka kicheko kibaya. "Mlijua, mlitaja, haya. Mwali angetoka vipi? Kwa kujua kwenu? Mgongo huu ndio uliombeba. Mama anabeba au habebi? Na mimi kazi yangu imekwisha kama ya mpishi, na zaidi."

"Ulimbeba," Sikudhani akasema, "baada ya kumshindilia vidonge na kuficha makaratasi chini ya godoro!"

"Na vilitoka wapi? Kikapuni kwa huyu anayeunga nyama kwa dawa!"

"Mimi nilivileta kwa ng'ombe, si kwa mwali!" Bi Saumu akajibu. "Nani alikutuma kwenye kikapu changu? Na wewe, wifi, watu wawili wa nyumba moja wanakuja kununua dawa ya aina moja siku moja, hukuuliza, 'Kulikoni huko?'"

"Mlinidanganya! Mgongo, mafua!"

"Muuzaji dawa haulizi mara mbili?"

Hapo Sikudhani alizidiwa kidogo.

Mwanjaa akasema, "Basi tuuchane vipande vitatu, tuondokane." Na wengine wakasema ndiyo, uchanwe.

Ndipo mwali akasema. Mwali! Ndani ya shela, siku ya kutoka, hakuulizwa na mtu. "Usichanwe. Nilifundishwa kunyamaza na kumeza, nusura mnizike. Leo nasema. Kila mmoja wenu nusura aniue, na kila mmoja kaniokoa, na mama ni mmoja. Apewe mmoja. Ni nani, mimi sijui. Lakini mpaka apewe, sitoki."

Na akakaa.

Nje tarumbeta zinapulizwa. Shekue kasimama juani, kanzu imemganda mgongoni. Kiondo kashika kisutu, anamtazama muuzaji aliyejua asichouliza, anamtazama mpishi aliyesema alichoficha, anamtazama somo aliyebeba alichokiangusha. Mikono mitatu imenyooka.

Nyie mnaonisikiliza, msijibu kwa pupa, na wewe wa ukili weka ukili chini. Biharusi anangoja. Je, mkaja ule, nani alistahili?